Pa Kumwozea Saadiya

Siku Barka alipoozwa, mwenyewe alikuwa jikoni kwa Bi Mwanamkisi akitwanga mpunga. Habari aliletewa kesho yake, pamoja na kuni: kwamba tangu jana adhuhuri yeye ni mke wa Madi, mtumwa wa nyumba ya pili. Bi Mwanamkisi alikuwa ameulizwa, Bi Mwanamkisi alikuwa amekubali, mambo yakaisha. Barka akarudi kwenye kinu. Angefanya nini? Mpunga ulikuwa wa watu, na watu walikuwa na njaa.

Madi naye hakukaa. Ndui ilimwua wakati binti yao, Saadiya, bado ananyonya.

Basi Saadiya alipochumbiwa, mwaka wa nne tangu serikali itangaze kwamba Amu hakuna tena mtumwa wala bwana wa mtumwa, Barka alitaka jambo moja tu. Hakutaka ngoma, hakutaka mbuzi, hakutaka hina ya mpaka magotini. Alitaka awepo. Akae mahali, aone kwa macho yake mtoto wake anaolewa.

Ungedhani ni jambo jepesi. Lakini Saadiya alikuwa Mkristo.

Hakuna aliyemtongoza wala kumwiba. Alikuwa na miaka tisa, ana kidonda mguuni kimekula mpaka mfupa unaonekana, na waganga wa Amu walikuwa wamekwisha kula kuku wote wa kuliwa. Barka alimbeba mgongoni mpaka misheni ya kule mtoni, Tana, akamwacha kwa Wazungu. Miaka minne baadaye mtoto akarudi ana mguu mzima, kitabu, na jina la Lidia. Jina hilo Barka hakulitia ulimini hata siku moja. Mguu ule, kila alipouona unatembea, alimshukuru Mungu, na hakumuuliza ameuponya kwa mkono wa nani.

Mchumba mwenyewe alikuwa Isaka, seremala wa huko huko mtoni, kijana mpole mwenye mikono mikubwa iliyonuka mbao. Alikuwa ametengeneza mabenchi yote ya nyumba ya misheni hapa Amu, ile iliyo mwisho wa mji, yenye kengele ndogo. Ndoa ilikuwa ifungwe humo. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba.

Barka alikuwa akikaa chumba cha kupanga mtaa wa Langoni, akioka mikate ya mofa na kuiuza asubuhi. Asubuhi ya Ijumaa alikuja Bi Hadia, mwoshaji wa maiti wa kike mtaa mzima, akachagua mikate mitatu, akaibonyeza mmoja mmoja kana kwamba nayo imekufa.

"Nasikia mwanao waolewa."

"Inshallah, Bi Hadia. Jumatano."

"Na aolewe na amtakaye. Yeye na kaburi lake. Lakini wewe, Barka, siku utakayotia mguu nyumba ile ya misheni, tafuta na wa kukuosha."

"Hata nikikaa nyuma kabisa?"

"Nyuma ya nyumba ni nyumba," akasema Bi Hadia, akatia mikate kwapani akaenda zake.

Maneno hayo kwa mwingine yangekuwa kero ya asubuhi tu. Kwa Barka yalikuwa kisu. Mwenye dada ataoshwa na dada, mwenye shangazi ataoshwa na shangazi. Barka aliletwa Amu kutoka bara akiwa mdogo hata jina la mamake halijui. Alikuwa na Saadiya, na Saadiya sasa si wa dini yake, hataruhusiwa kumgusa. Waliobaki ni wanawake wa Langoni. Sanda yake, aliyoinunua kwa mikate ya miaka miwili, pamoja na kipande cha kafuri, ilikuwa imelala kwenye sanduku la Bi Hadia, maana wasio na jamaa ndivyo walivyofanya: waliweka sanda zao kwa yule atakayewavisha.

Akaenda misheni. Hakuingia. Alisimama njiani, nje ya ukuta, akapaza sauti mpaka Padre akatoka barazani na kitambaa cha chakula shingoni.

"Bwana Padre! Harusi haiwezi kuwa nyumba nyingine?"

Padre alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula. "Yaweza," akasema. "Nipe jina la nyumba, nami nitaomba karatasi kwa serikali. Lakini sikia. Iwe mchana, kabla ya saa kumi na mbili. Na mlango uwe wazi tangu mwanzo hata mwisho, ili apitaye yeyote aweze kuingia na kushuhudia. Na Alhamisi alfajiri mimi nasafiri kwenda mtoni, sirudi mpaka masika yaishe."

"Kwa hiyo Jumatano."

"Jumatano, au baada ya masika."

Siku tano. Barka akaanza kuzunguka.

Alianza na chumba chake mwenyewe. Mwenye nyumba, Bwana Kamaludin, alimsikiliza huku akichokonoa meno. "Nyumba yangu imejengwa kwa mali ya halali," akasema. "Msalaba hauingii."

"Na lile paa linalovuja kitandani kwangu, nalo ni la halali?"

Kamaludin akarudia meno yake. Barka akavuka kwenda Wiyoni kwa Swafiya, mwenzake wa zamani, mwenye ua mpana na mume mwepesi wa kukubali. Mume alikubali asubuhi. Adhuhuri akaenda msikitini. Alasiri akakataa, na Swafiya akaja mwenyewe kuleta habari, kichwa chini, akimpa Barka mayai manne kama mtu anayelipa faini.

Isaka naye akatoa lake. "Mama, twende Shela. Pale kwenye vilima vya mchanga hapana mwenyewe. Nani atatukataza?"

Padre alipoambiwa alitikisa kichwa. "Sheria yataka mlango ulio wazi. Mchanga hauna mlango."

"Basi nitatengeneza mlango," akasema Isaka. "Nitausimamisha mchangani, nitauacha wazi." Saadiya alicheka mpaka akakaa chini. Padre hakucheka. Barka pia hakucheka. Ilikuwa Jumapili, na alikuwa amebakiwa na nyumba moja tu ya kuiomba, ile ambayo tangu Ijumaa alikuwa akiipita kwa mbali.

Nyumba ya Bi Mwanamkisi ilikuwa Mkomani, ya mawe, ya ghorofa moja. Mbele ya mlango mkubwa palikuwa na daka, kibaraza kilichoezekwa, chenye viti vya mawe huku na huku, ambapo marehemu mumewe alikuwa akipokea wageni. Daka si njiani na si ndani. Mgeni hukaa pale akanywa kahawa na asijue hata rangi ya pazia. Barka alikuwa ameliwaza usiku kucha, akaona kwamba Mungu aliwafundisha waashi wa Amu kujenga mahali pale kwa ajili yake. Mlango upo, wa kuachwa wazi. Paa lipo. Na si kanisa, hata Bi Hadia atazame kwa macho manne.

Alipanda ngazi alizozijua kwa nyayo. Bi Mwanamkisi alikuwa amekaa kitandani, mwembamba, mweupe kwa kukosa jua. Kwa miaka minne hakuwa ametoka nje. Zamani, alipotaka kwenda kutazama mgonjwa au kwenda matangani, alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa linalobebwa kwa fito, na watumwa wanne wakishika fito hizo kumkinga na macho ya watu. Barka alishika ufito wa mbele, kulia, miaka kumi na sita. Njia zote za mji alizijua kwa visigino vyake, maana ilimbidi aende kinyumenyume nusu ya safari ili aone kama Bibi amejikwaa. Serikali iliposema hakuna mtumwa, wabebaji waliondoka wote wanne. Mabibi wengine wakavaa buibui wakajiendea. Bi Mwanamkisi alisema buibui huvaliwa na kila mtu, akabaki ndani.

"Nashika miguu, Bibi."

"Marahaba. Umekuya? Nilidhani umekufa."

"Bado, Bibi. Naoka mikate."

"Nimeionja. Chumvi nyingi."

Barka akaketi sakafuni, akasema haja yake yote kwa pumzi moja. Bi Mwanamkisi akanyoosha mikunjo ya shuka. Chini, kiwandani, ule ua wa ndani, kuku alikuwa akipekua.

"Dakani," akasema mwishowe. "Mwana wa kike aolewe dakani, mbele ya wachukuzi, kama samaki wa kunadiwa. Na mlango wazi! Mimi mlango wangu haujalala wazi tangu nimezaliwa."

"Haulali, Bibi. Saa moja tu."

"Wote waliozaliwa nyumba hii nimewaoza mimi. Wewe pia nimekuoza."

"Nakumbuka, Bibi. Nilikuwa natwanga."

"Haya. Daka nimekupa. Lakini siku hiyo niulizwe. Niwe nyuma ya mlango, na kabla hajaolewa niulizwe kama nimetoa, kama ilivyokuwa. Wasinipite kama kwamba nimekufa. Neno moya tu, Barka."

Barka aliangalia mikono ile, iliyokuwa imekosa wa kuipaka hina. Akaona ni adabu tu. Ajuza anataka kusikia sauti yake, kuna ubaya gani? Watu wa Amu huulizana hata wasichonacho: unaulizwa kama chakula kitamu wakati sahani haijafunuliwa. Akakubali. Na hilo sharti hakumwambia mtu, wala Padre, wala Saadiya.

Saadiya aliposikia ni nyumba gani, uso ulimkunjamana. "Mama, mitaa yote imekwisha?"

"Imekwisha. Kamaludin kakataa, Wiyoni wamekataa, mchanga umekataa."

"Mbona kakubali upesi hivyo? Kataka nini?"

"Katusaidia. Hata shiraa yake amesema atatoa, ukitaka kwenda nayo."

"Na fito atashika nani?" akauliza Saadiya.

Barka akaenda kutazama moto.

Jumatano saa tisa walikuwapo. Barka alikuwa amefagia daka mara mbili, akatandika mikeka juu ya mawe. Padre alileta karatasi yake, kitabu chake cha kuombea na kitabu kikubwa cha kuandikia. Isaka alivaa kanzu mpya yenye mikunjo ya sandukuni. Saadiya alivaa nguo nyeupe ya mikono mirefu, uso wazi, na kila aliyepita alisimama, kwani sheria iliruhusu na umbea ulihimiza. Bawa moja la mlango mkubwa lilikuwa wazi. Nyuma yake palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia palisikika mtu akipumua.

Barka alikaa kwenye kiti cha jiwe, kile cha wanaume, mikono magotini. Alikuwepo. Alitazama shingo ya mwanawe na uzi mmoja uliokuwa umechomoza kwenye kola, akatamani kuukata kwa meno. Padre alisoma, wakaimba wimbo watu wanne tu, sauti nyembamba. Kisha Padre akauliza, akitazama huku na huku:

"Ni nani mwenye kumtoa msichana huyu?"

Barka akasimama. Na ulimi wake, uliofanya kazi katika nyumba ile miaka thelathini kabla haujapata kazi nyingine, ukasema wenyewe:

"Mwenyewe yuko ndani, Bwana. Na aulizwe."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, kavu, safi, yenye furaha kama ya mtu aliyekunywa maji baada ya kiu. "Nimetoa! Ni mzalia wa nyumba yangu, na mamake ni mtu wangu, nami nimetoa."

Padre alifunga kitabu. Hakukifunga kwa nguvu, lakini kila mtu alisikia.

"Mtu wako," akasema polepole kuelekea pazia. Kisha akamgeukia Barka. "Mama, wewe ni mtumwa wa nyumba hii hata leo?"

"La, Bwana. Ni neno tu. Ni adabu."

"Siwezi kumwoza mtu kwa idhini ya bwana wake. Neno kama hili serikali ikilisikia, itataka kumjua aliyelisema."

Pazia likatikisika. "Barka!" Furaha yote ilikuwa imekwisha katika sauti ile. "Ndiyo malipo yangu? Nakupa daka, waniletea serikali mlangoni? Ondokani! Ondokani hapa pangu!" Bawa la mlango likavutwa, na komeo likaingia mahali pake.

Njiani watu wakaguna. Mmoja akasema harusi imekufa, atolewe mwali aendeshwe kaburini. Wakacheka. Isaka alipiga hatua kuelekea kwao, Saadiya akamshika kanzu bila kumtazama. Alikuwa akimtazama mamake.

"Ulijua atasema hivyo?"

"Nilijua ataulizwa."

"Ukanileta."

"Nilitaka niwepo, Saadiya."

Mtoto akamgeuzia mgongo. Afadhali angetukana.

Padre alitoa saa mfukoni. "Jua bado lipo," akasema. "Mlango umefungwa, karatasi hii haina kazi tena. Nyumba ya misheni haihitaji karatasi. Lakini msichana hajafika umri, na baba hana. Sharti mama aseme kwa kinywa chake, ndani, mbele ya mashahidi, na atie alama kitabuni. Asipokuja, tungoje mpaka baada ya masika."

"Tungoje," akasema Saadiya papo hapo.

Isaka alitazama mikono yake. Mtoni alikuwa amekwisha jenga nyumba, chumba na ukumbi, na kazi yake ilikuwa ikimngoja huko. Barka alijua, maana kijana alikuwa amemwonyesha urefu wa kitanda kwa kamba.

"Tungoje, mama," Saadiya akarudia, na sauti sasa ilikuwa imelainika, nayo ilimuumiza Barka kuliko ile ya kwanza. "Najua alilokwambia Bi Hadia. Siwezi kukutoa kwa watu wako."

Barka alikunja mikeka. Aliikunja mmoja mmoja, akaifunga kamba, akaitia kwapani. Hakutaka kuacha kitu chake pale.

"Haya, twendeni," akasema. "Jua halitungojei."

Walipita mji mzima, Padre mbele na vitabu vyake, Barka nyuma. Walipopita Langoni, madirisha yalikuwa na macho. Barka alijitahidi kutembea kama mtu anayepeleka mikate. Kwenye kizingiti cha misheni miguu ikakataa. Wenzake wakaingia, yeye akabaki nje na mikeka yake kwapani, akitazama ndani: mabenchi ya Isaka, ukuta mweupe, msalaba wa mbao mdogo kuliko alivyoufikiria. Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuona kila kitu kutoka pale alipo. Angeweza hata kusikia.

"Ni nani mwenye kumtoa msichana huyu?" akauliza Padre ndani, kwa sauti ile ile, kana kwamba hakuwahi kuuliza.

Saadiya hakugeuka. Shingo yake, na ule uzi.

Barka akaingia. Alipita katikati ya mabenchi mpaka mbele kabisa, mikeka bado kwapani.

"Mimi," akasema. Ikatoka ndogo. Akasema tena. "Mimi. Nimemzaa mimi, na ninayemtoa ni mimi."

Wakati wa kutia alama, Padre alimwonyesha: asiyejua kuandika huchora mistari miwili inayokatana. Barka aliitazama mistari hiyo ya mfano. "Msalaba siuchori, Bwana," akasema, akachovya dole gumba katika wino, akalikandamiza kitabuni kwa nguvu kama anayebandika mkate mofani. Kisha akauvuta ule uzi wa kola ya mwanawe, akaukata kwa meno.

Saadiya alimng'ang'ania. "Twende nasi mtoni, mama. Chumba kipo."

"Nikafie kwa nani huko?" akasema Barka. "Nenda. Nitaleta mikate kesho bandarini."

Hakungoja habari zimtangulie, ingawa zilikwisha mtangulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Hadia, kabla ya adhana ya magharibi. Bi Hadia alikuwa mlangoni, akichambua mchele kwenye uteo, na hakuinua kichwa.

"Umeingia?"

"Nimeingia."

"Kwa mguu upi?"

"Sikuangalia, Bi Hadia."

"Hukuangalia." Bi Hadia akatupa jiwe moja njiani. "Kuna mzigo wako hapo nyuma ya mlango. Wanawake wamekuja, wamesema. Mimi naishi na watu."

Furushi lilikuwa limefungwa vizuri, fundo la Bi Hadia, lile asiloweza kulifungua mtu mwingine. Barka akalichukua akaliweka juu ya mikeka. Alitaka kuuliza kama ndiyo basi. Bi Hadia alikuwa ameinamia mchele karibu aumeze.

Chumbani kwake alilikata lile fundo kwa kisu. Sanda ilikuwa vile vile, imekunjwa kwa mikunjo yake mwenyewe. Akaifunua atafute kafuri, akijua atakuta vumbi: karibu miaka miwili, na kafuri huisha hewani hata ukiifungia. Mkono wake ukagusa kipande kizima. Kilikuwa kikubwa kuliko kile alichonunua, kimefungwa kwa kitambaa kipya, na harufu yake ikapanda ikajaza chumba.

Alikaa nacho kiganjani. Labda Bi Hadia alikuwa akikibadilisha kila mwaka, kwa kila furushi la sandukuni, kwa mazoea ya kazi. Labda alikitia leo, baada ya wanawake kuondoka. Kumuuliza haiwezekani, na hata akiulizwa atasema mchele una mawe.

Akaikunja sanda upya, akaiweka chini ya mto, kafuri ndani. Kisha akanyanyuka akachekecha unga wa kesho, maana chombo cha kwenda mtoni kingetoka alfajiri, na alikuwa ameahidi mikate.